Sista, Tukimpeleka Ushago Atapona?

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika kliniki moja ya Eastlands, Nairobi. Maswali haya, kuhusu kumpeleka mgonjwa wa akili ushago, yaani kijijini, apate hewa safi, huulizwa kwenye benchi la kusubiri, kwenye dirisha la dawa, hata stejini nikingoja matatu. Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi. Leo nayaandika, labda mtanipunguzia.

Sista, ni kweli miti na hewa safi husaidia akili?

Kweli. Mtu akiketi penye miti, mbali na honi na muziki wa matatu, moyo hutulia, misuli hulegea, na akili huacha kutafuna jambo lile lile. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwatembeza watu wazima wasio wagonjwa kwa dakika 90, wengine penye nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari. Waliopita kwenye miti walirudi wamepunguza kujisumbua kwa mawazo mabaya juu yao wenyewe. Wa barabarani walirudi vile walivyoenda.

Na mgonjwa hasa wa depresheni?

Kwanza tuelewane. Depresheni si kuudhika kwa sababu mshahara umechelewa. Ni huzuni, au kukosa hamu ya chochote, karibu kutwa, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi, chakula na nguvu vinavurugika.

Hata hao miti huwafaa. Mwaka 2012, Marekani pia, watu 20 wenye depresheni walitembea karibu saa nzima kwenye bustani ya miti, na siku nyingine mjini. Walipotoka bustanini waliweza kushika mambo kichwani vizuri zaidi. Ni nafuu ya maana. Lakini hakuna aliyedai kwamba wamepona, na hakuna aliyewaambia watupe dawa.

Basi tukimpeleka ushago apumzike, apate hewa safi, atapona?

Hapana.

Juzi mama mmoja alinifungulia mfuko wa kaki mezani. Ndani mlikuwa na dawa za kijana wake, pakiti za miezi mitatu, hazijaguswa hata moja. "Tulimpeleka kwa shosho, sista. Kule hakuna kelele, tukaona dawa za nini." Kijana mwenyewe alikuwa nje, amekaa chini ya ukuta, anajibizana na watu ambao sisi hatuwaoni. Miguu ilikuwa na vidonda. Alitoka kwa shosho, nyanya yake, usiku akatembea mpaka barabara kuu.

Kijana kama huyu namwona kila baada ya likizo: Aprili, Agosti, na Januari ndiyo mbaya zaidi.

Lakini wiki za kwanza alitulia kabisa!

Alitulia, ndiyo. Dawa alizomeza Nairobi zilikuwa bado zinamfanyia kazi, na kule hakuna anayemdai kodi ya nyumba. Ukiacha dawa ugonjwa haurudi kesho yake. Hurudi baada ya wiki au miezi, wakati nyote mmeshaamini ni hewa ndiyo iliyomponya. Kwa hiyo nasema tena: hapana. Hewa safi haishiki nafasi ya kidonge wala ya sindano ya kila mwezi.

Hajawahi kutibiwa. Tumpe kwanza miezi miwili ya shamba, tukiona haisaidii tumlete?

Hapana! Mleteni sasa. Anayesikia sauti, asiyelala siku kadhaa na bado ana nguvu za ajabu, anayeshuku chakula kina sumu, aliyeacha kula: huyo ni wa wiki hii. Kadiri ugonjwa wa namna hii unavyokaa bila matibabu, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Miezi miwili mnayoiita mapumziko, mimi nitaitafuta mwaka mzima.

Na anayezungumzia kufa ni wa leo hii. Asiachwe peke yake, wala asiambiwe "nenda msitu wa Karura utembee utulie". Msimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume na Katiba. Mpelekeni hospitali iliyo karibu, usiku au mchana. Pia kuna 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Akienda ushago akiwa na dawa zake?

Hapo tumeelewana. Aje kliniki kwanza, nimpe dawa za kutosha na barua ya kuonyesha hospitali ya kule, tarehe ya sindano ikiwa imeandikwa. Awe na mtu mmoja anayemwona akimeza. "Watu wote wa boma" maana yake ni hakuna mtu. Dawa za kunyunyizia mimea na wadudu zifungiwe kwa kufuli kabla hajafika.

Kama anatumia klopromazini, dawa ya wanaosikia sauti, wengi mnaijua kama Lagaktili, avae kofia na mikono mirefu shambani, maana ngozi yake huungua na jua upesi. Anayetumia lithiamu, dawa ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, anywe maji vizuri. Akitapika, akiharisha au akitoka jasho jingi, dawa huweza kujaa mwilini ikawa sumu. Atafute daktari mapema.

Na kufunga na kuomba msituni?

Ombeni. Dawa ziendelee. Wa lithiamu asifunge bila kuzungumza na daktari wake.

Sisi hatuna ushago wala pesa za kutembea.

Utafiti wa Uingereza wa 2019, uliohusu karibu watu 20,000, ulikuta kwamba waliopata dakika 120 kwa wiki penye miti na nyasi walijisikia vizuri zaidi, hata wakizigawa vipande vipande. Hiyo ni kama dakika 20 kwa siku. Kuna Jeevanjee katikati ya mji, kuna Michuki Park kando ya mto, kuna Uhuru Park, ambayo leo ingekuwa na jumba la ghorofa 60 kama Wangari Maathai asingeipigania bustani hiyo mwaka 1989. Hata magunia ya sukuma wiki mlangoni yanatosha kuanzia. Nendeni wawili, rudini kabla ya giza. Wagonjwa wangu wengine huniambia kimya cha msitu huzidisha sauti wanazosikia. Hao nawaambia wakae penye watoto wanaocheza mpira.

Sista, yeye ameshapanda basi jana usiku. Dawa ziko hapa kabatini.

Mpigie aliyempokea sasa hivi, umwambie dawa zinakuja na hazirukwi. Kisha zipeleke ofisi ya basi leo kabla ya jioni, zisafiri kama pasel. Andika juu ya bahasha jina lake, saa za kumeza na tarehe ya kliniki. Namba ya simu andika ya shosho, si ya kwake, huzima simu.