“Amelewa tu, mwacheni alale”: maswali na majibu kuhusu ajali za pikipiki

Nafanya kazi chumba cha dharura katika hospitali moja ya mashariki mwa Uganda, upande wa mpakani, ambako malori yanayotoka Mombasa hupanga foleni usiku kucha na bodaboda nao hawalali. Maswali haya huulizwa na ndugu wa majeruhi wakiwa wamesimama mlangoni kwetu. Mengine nimeulizwa na madereva wenyewe, nikiwa nimekaa nyuma yao asubuhi nikienda kazini. Panapohitaji jibu fupi nitajibu kwa ufupi. Pale ambapo watu wanatufia mikononi, mtanivumilia nikirudia.

Kuumia kichwa ni nini hasa? Mbona hata damu haikutoka?

Ni kuumia ngozi, fuvu au ubongo. Jeraha la ngozi linatisha watu kwa sababu linamwaga damu nyingi, lakini hilo tunalishona na mara nyingi ndio mwisho wake. La kuogopa ni lile lisiloonekana. Fuvu ni sanduku lililofungwa. Mshipa ukipasuka ndani yake, damu haina pa kutokea. Inajikusanya, inausukuma ubongo, na ubongo hauna pa kukimbilia ila chini, kwenye tundu la kuelekea shingoni, zilipo sehemu zinazotufanya tupumue.

Weka kidole juu kidogo ya sikio, kwa mbele, pale panapocheza unapotafuna. Hapo mfupa ni mwembamba kuliko sehemu nyingine za fuvu, na nyuma yake umepita mshipa wa damu. Sasa fikiria mtu aliyerushwa ubavu kutoka kwenye pikipiki. Anapiga wapi lami? Hapo hapo.

Ndugu yetu ameanguka na pikipiki, alikuwa amekunywa. Sasa amelala, anakoroma. Si tumwache pombe imtoke?

Hapana. Mleteni sasa.

Swali hili ndilo lililonifanya niandike. Yaani nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba nikiona familia inashuka na mtu aliyefunikwa shuka, saa moja asubuhi, najua watakachosema kabla hawajafungua mdomo. Kijana mmoja aliletwa hivyo. Aliteleza saa nne usiku akitoka matangani, wenzake wakamwinua, wakamkung'uta vumbi, wakamfikisha nyumbani. Mama yake alisikia harufu ya waragi, ile pombe kali, akakasirika, akamwacha kwenye mkeka sebuleni. Usiku kucha alimsikia akikoroma, na moyo ukatulia: anayekoroma si yuko hai? Alfajiri alimwita hakuitika. Alipofika kwetu mboni moja ya jicho ilikuwa ndogo, na nyingine imefunguka kama kifungo cha koti, haishtuki hata nikiipiga tochi. Mama alikuwa bado ameshika chupa ya uji aliomletea, anywe akiamka.

Mkoromo ule haukuwa usingizi. Ulimi ulikuwa umelegea na kuangukia koo kwa sababu ubongo ulikuwa unabanwa. Kwa saa tisa alikuwa anaondoka taratibu mbele ya watu wanaompenda, nao wanasema pombe itamtoka.

Lakini huyu wetu aliamka pale pale. Aliongea, akauliza simu yake iko wapi, hata akatembea. Si ina maana yuko sawa?

Hapana tena. Hii ndiyo inayowadanganya watu kuliko zote. Mtu anaweza kuzimia kidogo, akaamka, akaongea vizuri, akataniana na nyinyi, akasema “niacheni, nimechoka tu,” huku damu inaendelea kujaa ndani. Kwanza kichwa kinauma, kisha anatapika, kisha anasinzia. Inaweza kuchukua saa moja, inaweza kuchukua saa kadhaa. Kipindi hicho anapoongea ndicho kipindi cha kumleta, kwa sababu anayefika akiwa bado anaongea tuna nafasi kubwa ya kumwokoa. Daktari wa upasuaji anaweza kufungua fuvu, akaitoa damu, na mtu akarudi kwenye kazi yake. Akishafika mboni imefunguka, tunabaki kuhangaika.

Sasa sisi tutatofautishaje pombe na kichwa?

Hamtatofautisha. Nawaambia kwa heshima: hata mimi mwenye miaka yangu yote hapa, nikiletewa mtu aliyelewa na aliyeanguka, siwezi kuapa kwa kumtazama tu. Mlevi anatapika, na aliyeumia ubongo anatapika. Mlevi anaongea ovyo, anapepesuka, anakuwa mkali, anasinzia. Na huyu wa pili vivyo hivyo. Ndiyo maana tunapiga picha ya CT, ile inayoonyesha ndani ya kichwa, na kama haipo tunampeleka ilipo, au tunamwamsha na kumpima tena na tena usiku kucha.

Kwa hiyo kanuni ya nyumbani ni rahisi: amekunywa na ameanguka, hesabuni kuwa ni kichwa. Mkiona anatapika mara ya pili, anashtuka kifafa, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, maji mepesi au damu inatoka puani au sikioni, macho yote mawili yamezungukwa na weusi, au haamki mkimwita, hapo hata msijadiliane. Lakini msikae kusubiri hayo yatokee ndipo mtafute usafiri. Yakitokea mmeshachelewa.

Tumpe nini njiani? Maziwa? Supu?

Msimpe kitu. Si maziwa, si supu, si maji ya limau, si kahawa. Mtu ambaye hajitambui vizuri hamezi vizuri. Mnachomimina kinaingia kwenye mapafu. Na wale wanaommwagia maji ya baridi ili azinduke, mnaniletea mtu yule yule, ila sasa anatetemeka.

Mlazeni ubavu ili matapishi yatoke, mkimgeuza mwili mzima kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili, kwa sababu shingo nayo inaweza kuwa imevunjika. Kama amevaa helmeti na anapumua vizuri, msiivute kwa nguvu. Tafadhali pia msimlete mshikaki. Nimeona mara nyingi mno mtu asiye na fahamu amebanwa katikati, dereva mbele, shemeji nyuma, kichwa kinaning'inia na kugonga mgongo wa dereva kila shimo. Tafuteni gari lolote ambalo mtu anaweza kulala: la jirani, pikapu ya kubeba ndizi, lolote. Na mmoja wenu akumbuke saa ajali ilipotokea. Ni swali langu la kwanza, na kila mara watu wananitazama kama nimeuliza siri.

Tukimleta, polisi hawatamkamata kwa kuendesha amelewa?

Mleteni kwanza. Karatasi za polisi zitafuata. Tukiwauliza amekunywa nini na kiasi gani, tunauliza kwa ajili ya dawa na vipimo. Mkinificha, mnanipotezea muda ambao ni wa kwake.

Bia mbili tu zina shida gani? Mimi nikinywa ndio naendesha vizuri.

Hakuna aliyewahi kuniletea rafiki yake akasema alikunywa nyingi. Wote ni “mbili tu.”

Haya, tuhesabu mbili. Ini la mtu mzima huondoa takriban mililita 10 za pombe halisi kwa saa, na haliharakishwi na kahawa, wala kuoga, wala kula muhogo. Chupa ya bia ya nusu lita yenye pombe asilimia 5 ina mililita 25. Chupa mbili, basi, zinahitaji kama saa tano. Waragi je? Vipakiti vilipigwa marufuku 2019, lakini kichupa cha mililita 200 kinaingia vizuri mfukoni mwa jaketi. Waragi ya asilimia 40, kichupa hicho kimoja kina mililita 80 za pombe: kama saa nane. Aliyekimaliza saa tano usiku akaamka saa kumi na moja kuwahi abiria wa kwanza bado ana pombe mwilini, hata kama amepiga mswaki. Ya kupikwa kijijini siwezi hata kukuhesabia, kwa sababu hakuna anayejua ukali wake, akiwemo aliyeipika.

Malwa, ile pombe ya ulezi, nayo ina ujanja wake. Hakuna chupa za kuhesabu. Mmekaa mmezunguka mtungi, kila mtu na mrija wake, maji ya moto yanaongezwa, mazungumzo yamenoga. Ukiulizwa umekunywa kiasi gani unasema “kidogo.” Unajuaje?

Na huko kuendesha vizuri ni pombe yenyewe inayokuambia. Kitu cha kwanza inachokuondolea ni woga na uwezo wa kujipima. Mkono unachelewa kufikia breki, jicho linashindwa kukadiria umbali wa lori lisilo na taa za nyuma, wewe unajiona bingwa. Wengi wanachoogopa ni Kawunyemu tu, wale polisi wa kipimo cha pumzi, kwa hiyo wanakwepa barabara kuu na kupita njia za panya. Yaani amelewa, gizani, kwenye njia ya mashimo. Hapo akianguka hata wa kumwona hayupo.

Helmeti inasaidia kweli? Siku yako ikifika imefika.

Inasaidia. Tafiti za nchi nyingi zikiwekwa pamoja zinaonyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mambo ya siku kufika namwachia Mungu. Mimi naona vichwa.

Ninachoona zaidi ni helmeti nzima kabisa. Inaletwa pamoja na majeruhi, ndugu kaishika mkononi, haina hata mkwaruzo. Ilikuwa imetundikwa kwenye kioo cha pembeni, au imevaliwa kiwikoni, au imekaa juu ya tangi ikimsubiri askari wa trafiki. Au ilikuwa kichwani lakini mkanda wa kidevuni haukufungwa, ikaruka kabla ya kichwa kufika chini. Helmeti isiyofungwa ni kofia tu.

Kazi kubwa inafanywa na lile povu gumu la ndani. Linapondeka polepole kidogo badala ya ubongo wako kusimama ghafla. Likishapondeka mara moja limemaliza kazi. Helmeti iliyowahi kupata ajali, nunua nyingine, hata kama kwa nje inang'aa. Na zile kofia za plastiki za mafundi wa ujenzi, nawaomba sana. Zimetengenezwa kwa ajili ya tofali dogo linaloanguka kutoka juu. Hazikutengenezwa kwa mtu anayerushwa kwenye lami.

Abiria tufanyeje? Helmeti ya bodaboda inanuka jasho, ina mba, na mimi nimetoka kusuka.

Hili nalielewa, mimi mwenyewe nimewahi kupewa helmeti yenye unyevu saa mbili asubuhi. Vaa kitambaa au kilemba chepesi ndani, kisha helmeti juu yake. Kama unapanda kila siku, nunua yako. Mba tunatibu kwa dawa ya kupaka, na nywele zitasukwa tena. Sheria ya Uganda inamtaka abiria avae sawa na dereva, na abiria hana hata usukani wa kushika: yeye ndiye anayerushwa bila kujua kinachokuja. Mama aliyembeba mtoto mgongoni, huku watoto wengine wawili wamekaa mbele yake, sina hata cha kumwambia zaidi ya kumwomba apande matatu.

Ukisikia dereva ananuka pombe, shuka. Mlipe kiasi alichokufikisha, ushuke. Usione aibu.

Na kama tumemleta usiku kucha, tumekodi gari, halafu ikawa ni pombe tu kweli?

Basi tutamtoboa kidole kupima sukari, kwa sababu mlevi ambaye hajala chakula, sukari yake hushuka, na hiyo nayo inaua na inafanana na usingizi. Tutamlaza ubavu, tutamwamsha kila baada ya muda, tutamwuliza jina lake na leo ni siku gani. Asubuhi ataamka na kichwa kizito, atauliza nani amemleta hapa na nani atalipa lile gari. Wa hivyo nimeshapokea wengi. Wametutukana, wametafuta viatu chini ya kitanda, wakaondoka kwa miguu yao wenyewe.