Usingizi wa Pono na Dhana Nyingine Potofu kuhusu Kulala

Mtu anayelala asisikie kelele wala kutikiswa husemwa kuwa ana usingizi wa pono, na aghalabu sifa hiyo hupewa yule anayekoroma hadi akasikika chumba cha pili. Kwa pono mwenyewe sifa ni ya haki, kwani baadhi ya jamii za samaki huyo hujifunika utando wa ute usiku na kutulia kati ya matumbawe. Kwa binadamu mkoromo hauthibitishi lolote kuhusu uzuri wa usingizi, na wakati mwingine huashiria kinyume chake. Kosa la dhana hii, kama la nyingi zinazofuata, ni kumwamini mlalaji, ambaye ndiye shahidi dhaifu kuliko wote katika jambo linalomtokea akiwa hana fahamu.

Anayelala naye chumba kimoja ndiye anayeweza kueleza vizuri. Mkoromo hupanda, kisha hukatika ghafla. Kimya hudumu sekunde kumi, ishirini au zaidi, huku kifua kikijitahidi pasipo hewa kupita, halafu mlalaji hushtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo kama mzamiaji aliyeibuka majini. Misuli ya koo imelegea, njia ya hewa imezibika, oksijeni imeshuka katika damu, na ubongo umelazimika kumwamsha kidogo ili asidhurike. Mtu mwenye tatizo kali hupatwa na hali hiyo mara 30 au zaidi kwa saa moja, na asubuhi akaapa kuwa amelala fofofo, ingawa mdomo umemkauka, kichwa kinamuuma na ifikapo adhuhuri anasinzia kwenye kiti. Kukatika huku kwa pumzi kunahusiana na shinikizo la damu, hasa lile lisilotii dawa, pamoja na kiharusi. Wanene ndio walio katika hatari kubwa, lakini wembamba hawakuepushwa, na mtoto anayekoroma kila usiku huenda ana mafindofindo yaliyovimba, hivyo apelekwe kwa daktari badala ya kuchekwa.

Dhana ya pili ni ya wachapakazi: kwamba mwili huzoea usingizi mfupi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani walichapisha matokeo ya watu waliolazwa saa 4 au 6 tu kila usiku kwa siku 14. Umakini wao ulizidi kushuka hadi kufikia kiwango cha mtu aliyekesha usiku mmoja au miwili mfululizo, ilhali wao wenyewe, walipoulizwa, hawakujiona kuwa wamechoka kiasi hicho. Kilichozoeleka, basi, ni ile hali ya kuchoka, na madhara yaliendelea kulimbikizana. Mwili nao hulipa: katika jaribio lililofanyika Chicago mwaka 1999, vijana wenye afya waliolala saa 4 kwa siku sita mfululizo walishindwa kuidhibiti sukari ya damu kama kawaida yao. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7, na kijana wa sekondari saa 8 hadi 10, jambo ambalo shule zinazowaamsha wanafunzi saa 10 alfajiri kwa ajili ya kujisomea zingepaswa kulitafakari.

Kuhusu pombe hakuna haja ya maneno mengi. Ni kweli kwamba humlaza mtu upesi, lakini hupunguza usingizi wa ndoto na kumwamsha-amsha katika nusu ya pili ya usiku, mbali na kuzidisha mkoromo kwa kulegeza koo.

Jinamizi linastahili nafasi zaidi. Mtu hufumbua macho, akaiona chandarua na hata mwanga unaopenya chini ya mlango, lakini hawezi kuinua kidole wala kuita. Kifuani anahisi kitu kizito kimemkalia, na pengine anaona kivuli kimesimama pembeni. Wengi husema amekabwa na jini. Wakati wa usingizi wa ndoto, ambao ulielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1953, ubongo huizima misuli ya mwili ili mlalaji asitende anayoyaota. Ikiwa fahamu itarudi kabla ya misuli kuachiliwa, ndoto na chumba huchanganyika kwa sekunde au dakika chache. Hofu ya popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku, ilipotanda Pemba na Unguja mwaka 1995, baadhi ya maelezo ya waliosema wamevamiwa yalifanana sana na hali hii. Huwapata zaidi wanaolala chali, wenye upungufu wa usingizi na wanaobadilisha zamu za kazi. Anayesoma dua kabla ya kulala hana sababu ya kuiacha, bali aongeze saa za kulala na alale ubavu.

Dhana ya mwisho inamwumiza mgonjwa mara mbili. Inadaiwa kwamba kukosa usingizi ni matokeo tu ya mawazo, na kwamba mawazo yakiisha usingizi utarudi. Ukweli ni kwamba uhusiano huo una pande mbili, kwani anayekosa usingizi kwa muda mrefu, hata kama hana sonona leo, ana hatari kubwa zaidi ya kuipata baadaye. Kwa hiyo tatizo la usingizi litibiwe lenyewe, na tangu mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kimeshauri tiba ya mazungumzo na mazoea itangulie vidonge. Tiba hiyo humshangaza mgonjwa, kwa sababu humwambia apunguze muda wa kukaa kitandani. Asiyepata lepe la usingizi anaondoka kitandani, anakaa kwenye mkeka au kigoda kwa mwanga hafifu, na anarudi macho yakiwa mazito. Asubuhi anaamka saa ileile, hata kama amelala saa mbili tu, ili kitanda kisiendelee kuwa mahali pa kuhesabu madeni. Mwenye kifafa, au aliyewahi kupatwa na vipindi vya wazimu wa furaha iliyopita kiasi, asijaribu hatua hii bila usimamizi wa mtaalamu, kwa kuwa kunyimwa usingizi kunaweza kuamsha ugonjwa wake.