Kwa nini usiku bondeni huwa na baridi kuliko mlimani?

Je, wajua kwamba anayepiga hema chini kabisa bondeni, kando ya kijito, anaweza kulala kwenye baridi kali kuliko mwenzake aliyebaki mita 50 juu yake?

Shuleni tulifundishwa kinyume: ukipanda, baridi inazidi. Na ni kweli, kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana mgeni anayetembea milima ya White Mountains, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, akiona jua la Oktoba linazama huteremka mpaka mwisho wa mteremko. Huko kuna maji na nyasi, ardhi ni tambarare, upepo hausikiki. Alfajiri zipu ya hema imeganda na maji ya chupa yameshika barafu, ilhali waliolala kwenye bega la mlima wanakunywa kahawa mikono mitupu, bila glavu.

Chanzo ni ardhi yenyewe. Mchana hupokea joto la jua, usiku hulirudisha angani. Kukiwa na mawingu, sehemu ya joto hilo hurudi chini. Anga likiwa jeupe, linakwenda zake moja kwa moja. Ardhi inapoa kwanza, halafu inaipoza hewa inayoigusa. Hewa iliyopoa ni nzito, kwa hiyo kwenye mteremko haitulii. Huteremka polepole ikifuata makorongo kama maji ya mvua, hadi ipate pa kutuama. Nafasi yake huko juu huchukuliwa na hewa ambayo haijagusa ardhi na bado ina joto. Matokeo yake, katikati ya mteremko hubaki ukanda wenye afadhali kuliko bondeni na kuliko kileleni pia. Tofauti ya nyuzi tano au zaidi ndani ya mwinuko mdogo si ajabu. Wakulima wa viazi Nyandarua na wa chai Kericho hawahitaji kipimajoto kulijua hili: sakitu ikianguka, mashamba ya mabondeni ndiyo huungua kwanza.

Mfano uliopita kiasi ni Peter Sinks, jimbo la Utah. Ni bonde lililozingirwa pande zote, mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa baridi ikishaingia haina pa kutokea. Tarehe 1 Februari 1985 kipimo cha hapo kilionyesha nyuzi 56.3 chini ya sifuri. Ukisimama ukingoni mwake unaona mlima uliopinduliwa: miti imeota juu, pembezoni, na chini kabisa hakuna mti.

Majira ya mapukutiko, yaani kati ya Septemba na Novemba, huzidisha mambo kwa sababu usiku ni mrefu. Katikati ya Oktoba huko New Hampshire jua hutua kwenye saa kumi na mbili jioni, na halichomozi mpaka karibu saa moja asubuhi. Hizo ni saa 13 za kupoa. Kando ya kijito unaongeza unyevu: mvuke hugeuka matone ndani ya hema, yanadondokea mfuko wa kulalia, na mfuko wa manyoya ya bata ukilowa hauna kazi tena.

Kwa hiyo tafuta kijisehemu tambarare mteremkoni, juu kidogo ya sakafu ya bonde, chini ya miti, kwa kuwa matawi nayo huzuia joto lisipotelee angani. Njia rahisi ya kupima ni miguu yako mwenyewe: wakati wa magharibi, shuka polepole kuelekea mtoni. Kuna mahali utahisi ubaridi umekupanda magotini ghafla. Rudi nyuma kutoka hapo. Kanuni ya kambi safi inayotaka ukae mita 60 kutoka kwenye maji, kama hatua 70 za mtu mzima, imewekwa kwa ajili ya usafi wa mto na wanyama wanaokuja kunywa, lakini mara nyingi inakuokoa na baridi pia.

Usipande mno, hata hivyo. Kilele cha Mount Washington, hukohuko White Mountains, mita 1,917, kilipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa tarehe 12 Aprili 1934, na katika msitu wa taifa wa milima hiyo ni marufuku kupiga kambi juu ya mpaka wa miti kama ardhi haijafunikwa na theluji ya kutosha.

Halafu inua macho. Misitu ya huko ina miti mingi ya aina ya bichi iliyoshambuliwa na ugonjwa wa gome, na shina lililooza hukatika bila kuaga. Tatizo ni kwamba majani yakishapukutika, mti hai na mfu hufanana. Mfu utaujua kwa gome linalobanduka, uyoga ubavuni au ncha iliyovunjika. Dubu weusi nao wako mbioni kunenepa kabla ya kulala majira ya baridi, basi chakula kisiingie hemani, hata peremende.

Usiku wa mawingu au upepo hesabu ni nyingine. Upepo huichanganya hewa, baridi haitulii bondeni, na anayelala chini ndiye anayepata kinga. Hapo shuka bila wasiwasi, ila ukingoni mwa kijito bado hapafai: mvua ikinyesha huko juu, kijito cha mlimani hufurika ndani ya saa chache, hata kama hemani kwako halijadondoka tone.