Bodi ya saketi: dhana potofu zinazomchelewesha mhandisi chipukizi

Mhandisi anayeanza kazi hufundishwa saketi kwa hesabu, kisha hukabidhiwa programu ya kusanifu bodi na kuachwa aokote mengine kwa kusikia. Ushauri wa waliomtangulia humfikia bila sababu zake, na hapo ndipo dhana zifuatazo hupenya.

Dhana: Umahiri ni kuijua programu.

Amri za KiCad au za Altium Designer hujifunzwa kwa wiki chache. Gharama nayo si kisingizio, kwani KiCad, iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992 na baadaye kuendelezwa kwa mchango wa CERN, haina malipo na hukubali hadi tabaka 32 za shaba. Kisichokuwamo katika programu yoyote ni ujuzi kwamba kapasita ya upande wa kuingiza umeme kwenye regyuleta ya swichi (kifaa kinachobadilisha volteji kwa kuwasha na kuzima haraka) hukaa ubavuni mwa pini zake. Hilo limeandikwa kwenye datashiti, yaani hati ya maelezo ya kifaa kutoka kwa mtengenezaji, katika kurasa za mwisho ambazo wengi wetu huzifungua bodi ikishagoma.

Dhana: Saketi ya masafa madogo haihitaji uangalifu.

Dhana hii ndiyo inayowapotezea watu muda mwingi zaidi. Idadi ya mabadiliko ya ishara kwa sekunde haitoshi kukuambia kitu. La kuuliza ni kila badiliko linachukua muda gani. Maikrokontrola (kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja) inayowasha pini mara 1,000 tu kwa sekunde inaweza kuipandisha volteji kwa nanosekunde 1, na kwa kanuni ya makadirio, ukigawa 0.35 kwa muda huo unapata megahezi 350, ambayo ndiyo masafa unayopaswa kuyafikiria. Katika FR-4, yaani nyuzi za kioo na resini ambazo bodi nyingi hutengenezwa kwazo, ishara husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde, kwa hiyo njia ya shaba ya sentimita 10 tayari ni ndefu, kwani safari yake inaukaribia muda wa badiliko lenyewe.

Kila mkondo unaotoka lazima urudi ulikotoka. Ule wa masafa ya chini hutawanyika penye ukinzani mdogo, lakini wa masafa ya juu hujibana kwenye graundi (shaba ya volti sifuri ambayo mikondo hurudia), chini kabisa ya njia ulimopita ukienda. Sasa fikiria bodi ya tabaka mbili ambayo graundi yake imekatwa na njia moja tu iliyokosa pa kupita juu. Mwanya wenyewe hauzidi milimita moja, ila mkondo unaorudi hulazimika kuuzunguka hadi mwisho wake, na kitanzi hicho kipana kinakuwa antena. Mchoro wa saketi hauonyeshi lolote, maana humo graundi ni alama tu. Kwa sababu hiyo bodi ya tabaka nne, yenye tabaka zima la graundi lisilokatwa, huwa rahisi kusanifu kuliko ya tabaka mbili, ingawa chipukizi ndiyo anayoiogopa.

Dhana: Kona ya nyuzi 90 huharibu ishara.

Kwa ishara za kawaida za kidijitali, athari yake ni ndogo mno kuweza kukusumbua. Tumia nyuzi 45 kwa kuwa zinapendeza, lakini usimalize jioni nzima ukizinyoosha kona huku graundi imekatika.

Dhana: Thamani iliyoandikwa ndiyo utakayoipata.

Kapasita ya kauri ya mikrofaradi 10, ya daraja X5R, yenye kasha dogo na kikomo cha volti 6.3, inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake ikiwekwa kwenye volti 5. Shaba nayo si bure: yenye unene wa mikromita 35 ina ukinzani wa kama nusu miliomu kwa kila mraba, yaani kipande chenye urefu sawa na upana wake. Njia ya upana wa milimita 0.25 na urefu wa milimita 50 ni miraba 200, yaani omu 0.1, na ampea 1 ikipita humo unapoteza volti 0.1.

Dhana: Programu isipoona kosa, bodi iko tayari.

Ukaguzi wa programu hulinganisha bodi na kanuni pamoja na alama ulizoiwekea wewe mwenyewe. Niliwahi kuagiza bodi zilizopita ukaguzi bila onyo hata moja, kumbe alama niliyoiwekea transista ya kasha la SOT-23 ilikuwa na pini 1 na 2 zilizobadilishana nafasi. Ilinibidi nizilehemu transista zote zikiwa chali, miguu juu, kwani zikigeuzwa hivyo pini hizo hubadilishana. Siku hizi huwa nasoma datashiti ya namba kamili ya kifaa, pini moja baada ya nyingine.

Dhana: Bodi ya kwanza ikigoma, hukuwa na kipaji.

Wazoefu hutarajia kwamba litahitajika toleo la pili, na huacha vituo vya kupimia tangu toleo la kwanza. Bodi ikifika, hupima ukinzani kati ya njia ya umeme na graundi, kisha huiwasha kwa chanzo chenye kikomo kidogo cha mkondo. Ukiona mtetemo kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volteji kadiri muda unavyokwenda, anza kuutilia shaka waya wa graundi wa probu yake ya kupimia: wenye sentimita 15 ni kitanzi kilekile tulichokizungumzia, kwa hiyo uondoe, weka springi fupi, na upime tena kabla ya kugusa bodi.