Mto Colorado hauwanyweshi watu wa Grand Canyon

Safari hii kauliza mwanafunzi wa jiolojia, tena wa mwaka wa tatu: "Mwalimu, si hoteli za pale ukingoni wanavuta tu maji ya mto?" Jamani! Ukingo wa kusini wa korongo hili la Arizona, Marekani, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya Mto Colorado, na mto wenyewe mara nyingi ni tope.

Maji yanatoka ng'ambo, chemchemi ya Roaring Springs chini ya ukingo wa kaskazini. Yanateremka kwa bomba la miaka ya 1960, yanavuka mto, yanapanda yenyewe hadi Havasupai Gardens, kituo kilicho ndani ya korongo upande wa kusini, kwa kuwa chemchemi iko juu zaidi, ndipo pampu zinayapokea. Bomba hupasuka kila mara. Tangu 2023 wanajenga jingine, litakalochota kijito cha Bright Angel, nacho kinalishwa na chemchemi hizo hizo. Tuendelee.

Kinachonikera hasa ni "pale pakavu kwa sababu mvua hakuna". Uwanda wa Kaibab, kaskazini mwa korongo, hupata milimita 600 na ushei kwa mwaka, theluji ikiwemo. Dodoma haifiki hapo. Misonobari imejaa, lakini utatembea kutwa usione kijito. Tabaka la juu la mwamba wa chokaa limetoboka: theluji ikiyeyuka, maji yanatiririka hatua chache, yanaingia shimoni, basi. Yanashuka kwa nyufa hadi tabaka za chokaa ziitwazo Redwall na Muav, zenye mapango, yanagota kwenye tabaka la Bright Angel, mwamba wa tope lililoganda usiopitisha maji, yanakwenda kando. Na kando ni ukuta wa korongo, yanakochomoka mwambani kwa kishindo. Kwa hiyo korongo haliuletei uwanda maji, linaunyonya.

Ile michoro yetu yenye mishale nadhifu ya kuonyesha maji yanakopita chini ya ardhi, mimi naichora na siiamini sana. Watafiti walimwaga rangi kwenye mashimo ya Kaibab ili kufuatilia maji, nyingine ikatokea chemchemini baada ya wiki chache tu, kwa njia ambazo mabonde ya juu hayakuashiria. Kusini ni kizungumkuti zaidi: maji ya maelfu ya miaka yamechanganyika na ya juzi, na kwa uwiano gani, bado tunabishana. Basi atakayekuapia kwamba kisima chake au mgodi wake hautagusa chemchemi fulani, mwombe data za rangi kwanza. Akikuonyesha mishale, ondoka.