Paipu ya breki ikivuja mdomoni usikaze nati, kata ufanye mdomo upya

Asalaam alaykum ndugu zangu mafundi wa gereji, madereva wa gari za abiria na nyinyi wenye gari zenu binafsi. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari chuo cha amali huku Pemba tumeona tuandike kuhusu paipu za breki, mana gari ikiletwa karakana breki inazama au oili inavuja, watu wanakimbilia masta silinda na pedi, kumbe mara nyingi tatizo liko mwisho wa paipu, pale mdomoni inapoingia kwenye silinda ya tairi au kwenye mpira wa breki.

Kwanza chumvi. Huku kwetu upepo wote unatoka baharini, na gari nyingi zinazoshushwa bandarini ni za Japani zilizokwishatumika, zina paipu za chuma zilizopakwa rangi ya kuzuia kutu, rangi ikishakwaruzwa na mawe ya barabara za shamba kutu inaanza, na inapenda kuanzia kwenye klipu kwa sababu mchanga na maji vinakaa pale. Kwa ndani nako oili ya breki, zile aina za DOT 3 na DOT 4, inavuta unyevunyevu wa hewa, mtu akikaa miaka bila kuibadilisha chuma kinaliwa na huku pia. Kwahiyo iko siku paipu itabadilishwa tu, na ukibadilisha lazma utengeneze mdomo, yaani uichanue ncha ya paipu na kuikunja.

Kwa nini mdomo wa breki ukunjwe mara mbili? Paipu ya gari ndogo kwa nje ina milimita 4.75, ile tunayoiita ya 3/16, na unene wa ukuta wake ni kama milimita 0.7 tu. Ukiuchanua mdomo mara moja, chuma kinavutika pale ukingoni, kinazidi kuwa chembamba na kinapasuka. Ukiugeuza ukingo ukarudi ndani, kama fundi cherehani anavyokunja pindo la kanzu, unapata kuta mbili zilizolaliana kwenye mlalo wa digrii 45, na hapo ndo nati inapoubana mdomo kwenye kiti chake. Gari imejaza abiria inateremka bandarini Mkoani, mtoto anakatiza njia, dereva anakanyaga kwa nguvu zote, presha ndani ya ile paipu inaweza kupita psi 1,000, wakati tairi la gari hiyohiyo lina psi thelathini na kitu. Ufa mdogo kama unywele unatosha kumwaga oili yote ya njia ile.

Jambo linalotutia khofu khasa ni hili la kuazima vifaa vya mafundi friji. Kifaa chao kinachanua mara moja, na paipu yao ni shaba laini tupu. Kwa friji ni sawa kabisa, kwa breki hapana, mana shaba tupu ikitikisikatikisika chini ya gari inakuwa ngumu halafu inakatika, na hio hutoiona mpaka imeshatokea. Ukitaka paipu isiyoshika kutu kwa chumvi yetu hii tafuta ile ya shaba iliochanganywa na nikeli, nikeli yake kama asilimia 10, Volvo walianza kuitumia miaka ya 1970 kwa sababu kule kwao barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa barafu, na uzuri wake mwengine inakunjika vizuri hata mdomoni.

Haya, kazi yenyewe. Kata kwa kikata paipu cha kuzungusha, usikate kwa msumeno, msumeno unaacha mwisho umepinda na vumbi la chuma linaingia ndani, na zungusha taratibu ukikaza kidogokidogo, ukikaza kwa pupa paipu inabonyea. Ukimaliza, ndani ya tundu utaona ukingo umejikunja kidogo, ukwangue utoke, halafu kwa nje piga tupa mpaka ukingo ulainike, na hapa usione uvivu kabisa, mana midomo mingi inayopasuka imepasuka kwa sababu ya kijisu kidogo cha chuma kilichoachwa pale. Puliza uchafu utoke. Tia nati sasa hivi, tena uangalie inaelekea upande gani.

Halafu bana paipu kwenye kile chuma chenye matundu, tundu la saizi yake, pasiwe na oili kwenye meno yake isije ikateleza. Urefu unaotokeza juu unapimwa na adapta, kile kidude kidogo cha kifaa chenye ngazi na ncha ya kuingia tunduni, iweke kando ya paipu, ile ngazi yake nene ndo kipimo, usikadirie kwa jicho. Ncha ipake oili ya breki kidogo, sio grisi wala oili ya injini, hizo zikiingia kwenye mfumo zinavimbisha mipira yote ya ndani. Chomeka adapta, kaza skrubu ya kifaa mpaka adapta ilale kwenye chuma, kisha itoe uangalie kwa makini: mdomo uwe umevimba sawasawa pande zote na ukingo umegeukia ndani. Ukiona umelalia upande mmoja usiendelee, kata hapo uanze upya, paipu ni rahisi. Ukiwa sawa, lete ile koni ya mwisho wa skrubu bila adapta, ikaze mpaka usikie imegota, ishia hapo, ukizidisha unauponda mdomo na unakuwa mwembamba.

Gari za Ulaya nyingi zina mdomo uliovimba tu bila kukunjwa mara ya pili, na nati zake mara nyingi zina uzi uleule wa milimita 10 kama za Japani, kwahiyo nati itaingia vizuri na utadhani umepata, kumbe mdomo haujakaa kwenye kiti. Angalia ule wa zamani kabla hujaanza.

Kukaza sasa. Toyota nyingi nati hii inataka nguvu ya kukaza kama Nm 15, ni kidogo sana, spana fupi na mkono mmoja. Tunaletewa gari nati imezungushiwa tredi tepu kama bomba la maji, vumbi limegeuka tope jeusi pale na nati imeviringika kwa kukazwa kila wiki. Uzi wa nati hauzuii oili ndugu zangu, kinachozuia ni mdomo, na vipande vya ile tepu vikiingia ndani vinaziba vitundu vya silinda. Mdomo mpya ukivuja kidogo, legeza kisha kaza tena mara mbili tatu ukae, ikiwa bado unavuja, kata.

Ukishatoa upepo washa injini, mtu mmoja akanyage pedeli kwa nguvu aishikilie, mwengine apite na tishu kavu kwenye kila kiungo, tishu ikirowa hata tone moja gari haitoki. Oili iliyomwagikia bodi ioshe kwa maji haraka, inakula rangi. Na ikishafanya kazi siku mbili tatu irudishe, pitisha tishu tena palepale.