Uzio wa mbuga hauzuii maji ya mtaro

Kila nikiletewa mchoro wa jengo jipya hapa Nakuru, swali langu la kwanza ni hili: mvua ikinyesha, maji ya kiwanja hiki yataelekea wapi? Wengi hujibu, "Mtaroni." Basi, mitaro ya katikati ya mji inateremka hadi Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji hupaa kwa jua. Tope, oili ya gereji na plastiki hubaki.

Mji wetu, uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, umebanwa kati ya mlima wa volkano wa Menengai na ziwa. Penye nyasi na vichaka, mvua huzama ardhini taratibu. Penye mabati na lami huteremka yote kwa mkupuo. Simama kando ya mtaro mkubwa mvua ikishika: maji yana rangi ya chai ya maziwa, yamebeba chupa, nepi na matawi, na yanakwenda katika Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru, inayolizunguka ziwa.

Uzio wa mbuga unalinda faru na mashamba ya majirani, na kazi hiyo unaiweza. Maji hauyawezi. Humo ziwani, ndege wa aina ya flamingo mdogo huinamisha kichwa, mdomo ukageuka juu chini, akachuja mwani unaostawi kwenye maji ya magadi. Ziwa lilipofurika miaka ya 2010 magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, na flamingo wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Mafuriko hayo yalitokana hasa na mvua nyingi, si mji peke yake. Taka, hata hivyo, ni zetu.

Sipingi ujenzi, watu wanahitaji nyumba. Ninachopigania ni udongo unaopumua ndani ya kila kiwanja, na hapa kabro, yale matofali ya saruji ya kutandaza uwanjani, inawadanganya wengi. Ikilazwa juu ya udongo ulioshindiliwa, mapengo yakazibwa kwa saruji, karibu haipitishi maji. Ilazwe juu ya tabaka nene la kokoto, mapengo yajazwe changarawe laini, na mvua nyingi itazama papo hapo. Maji ya paa yaingie kwenye tangi. Kingo za Mto Njoro, unaoingia ziwani, ziachiwe miti yake.

Na mitego ya taka mitaroni izolewe kabla ya mvua ndefu za Machi. Ikishajaa, mvua ya kwanza kubwa hukomba kila kitu ikakipeleka ziwani.